Kata, Acha Ulie, Fifisha au Mwachie DJ: Kuchagua Mwisho wa Wimbo Kabla ya Kuutuma

Miksi imekaa, masta iko tayari, jalada limeshachorwa, na msanii anapiga simu kila baada ya nusu saa kuuliza kama wimbo umeshatumwa. Kilichobaki ni sekunde kumi na tano za mwisho. Hapo ndipo wengi hukwama, na hapo ndipo nimesikia kazi nyingi nzuri zikiharibika. Kibwagizo kinaimbwa kwa mara ya sita, halafu sauti inadondoka kama mtu kachomoa waya ukutani. Au gitaa linalia noti yake ya mwisho, tamu kabisa, na kabla haijaisha faili limefika ukingoni.

Niliwahi kuikosea kwaya moja hivyo hivyo. Tulirekodi siku mbili, sauti nne na kinanda. Wakati wa kutoa faili niliweka alama ya mwisho pale waimbaji walipofunga midomo, nikasahau kwamba mwangwi wao ulikuwa bado na sekunde tatu za kuishi. Sikugundua, kwa sababu nilikuwa nasikiliza ndani ya programu, si faili lenyewe lililotoka. Siku ya uzinduzi kanisa limejaa, "Amina" ya mwisho ikakatwa katikati. Mwalimu wa kwaya hakusema neno, alinitazama tu. Tangu siku ile mwisho wa wimbo naupa muda wake.

Njia za kumaliza ninazoziona mezani ni nne: kukata papo hapo, kuacha ala ilie mpaka ife yenyewe, kufifisha sauti taratibu, na kuacha mdundo uendelee peke yake ili DJ apate pa kutokea. Kila moja ina mahali pake.

Tunapima kwa vigezo gani

Nitazipima zote kwa mambo manne. Sikioni: mwisho huo unamwachia msikilizaji nini. Mezani: unadai kazi gani kwa prodyuza, na unaharibika wapi. Safarini: unavumiliaje redio, simu, orodha za nyimbo mtandaoni na ubanaji wa MP3, maana wimbo hauishi studio. Na mwisho, unamfaa nani.

Kuna jambo moja nalitanguliza kwa sababu linaamua mengi. Mwisho uchaguliwe wakati wanamuziki bado wapo studio. Wakishaondoka, njia mbili za kwanza zinakuwa ngumu sana, na utajikuta unafifisha kwa kukosa namna, si kwa kupenda. Msikilizaji makini anaisikia tofauti hiyo.

Kukata

*Sikioni.* Ala zote zinasimama pamoja, mara nyingi kwenye mdundo wa kwanza wa baa, na baada yake ni kimya. Ni mwisho wa mtu aliyemaliza kusema. Mistari ya rap inaupenda kwa sababu neno la mwisho linabaki likining'inia kichwani. Singeli nayo, kwa kasi yake ya BPM (midundo kwa dakika) 200 na zaidi, ikikatwa sawasawa inaacha ukumbi mzima unahema. Bendi za dansi zimeujua siku zote: mpiga ngoma anatoa ishara, gitaa na besi vinadaka, wote wanatua mguu mmoja.

*Mezani.* Unaonekana rahisi kuliko zote, na ndio unaofichua uzembe haraka zaidi. Kwanza, mwangwi na dilei (sauti inayojirudia baada ya kuimbwa) lazima vikatwe pamoja na ala. Ukiikata sauti ya mwimbaji ukaacha mwangwi wake unaelea, hapo hujakata wala hujaacha ulie. Kwa hiyo mkato ufanyike kwenye chaneli kuu, baada ya plagini zote, zile programu ndogo zinazobadilisha sauti. Pili, kuna ule mlio mdogo wa "tak". Wimbi la sauti likikatwa likiwa juu au chini ya mstari wa sifuri, spika inaruka ghafla kurudi katikati na sikio linausikia mruko huo. Dawa ni kukata pale wimbi linapovuka sifuri, au kuweka kififisho kifupi sana cha milisekunde 5 hadi 10, ambacho hakuna atakayekisikia kama kufifia. Ikiwa "tak" inabaki hata ukikata kwenye kimya, angalia kama wimbi lenyewe limekaa juu ya mstari wa sifuri. Maiki na vifaa vya bei ya chini huleta kasoro hiyo, na programu nyingi zina kitufe cha kuisahihisha.

Halafu sikiliza kinachofuata mkato. Pumzi ya mwimbaji, kiti kinacholia, bangili ya mpiga kinanda: vitu ambavyo ndani ya wimbo havisikiki, kwenye kimya vinakuwa wazi kama kengele.

*Safarini.* Hakuna mwisho unaovumilia safari kama huu. Mtangazaji hana shaka wimbo umeisha, na kelele za daladala haziwezi kumeza mkato wa sauti kubwa. Udhaifu wake uko kwa wasikilizaji walioweka nyimbo zao zichanganyike zenyewe. Spotify, kwa mfano, inamruhusu mtu kuunganisha nyimbo kwa hadi sekunde 12, na hapo wimbo unaofuata utaanza kupanda juu ya mkato wako. Huwezi kumzuia. Unaweza tu kuacha nusu sekunde hadi sekunde moja ya kimya baada ya mkato ili kwa wengine wote uwe na nafasi ya kupumua.

*Kwa nani.* Rap, singeli, matangazo ya biashara, na wimbo wowote ambao mstari wake wa mwisho ndio mzito. Usiutumie kwenye wimbo wa maombolezo au wa kubembeleza mtoto, isipokuwa una sababu unayoweza kuieleza.

Kuacha ulie

*Sikioni.* Noti ya mwisho inapigwa na kuachwa. Gitaa, kinanda, matoazi, udi au kanuni ya taarab, kila ala ina namna yake ya kufa, na namna hiyo ni sehemu ya muziki. Kanuni inafifia kwa haraka na kuacha vumbi la nyuzi, piano inabaki ndani ya chumba muda mrefu. Kwangu mimi huu ndio mwisho wenye utu kuliko wote, kwa sababu mikono ya mpigaji bado inasikika ndani yake. Nasema hivyo nikijua kwamba ndio unaoniumiza kichwa zaidi.

*Mezani.* Swali la kwanza ni urefu wa mkia. Ikiwa mwangwi umewekwa sekunde 3, maana yake ni muda wa sauti kushuka disibeli 60, na bado kuna chembe zinazosikika kwenye visikizi baada ya hapo. Acha sekunde 5. Dilei inahesabika kabisa: ya robo noti kwenye BPM 120 hujirudia kila milisekunde 500. Ukiiwekea marudio ya asilimia 50, kila mrudio unashuka disibeli 6, kwa hiyo inahitaji marudio 10 kushuka disibeli 60. Hizo ni sekunde 5 kamili baada ya mwimbaji kunyamaza. Mtu akiweka alama ya mwisho kwa macho, kwa kuangalia mahali klipu zinapoishia kwenye skrini, ataikata tu, maana mwangwi na dilei havichorwi pale.

Programu zenyewe zimeliona tatizo hili. FL Studio, kwenye dirisha la kutoa faili, inakupa machaguo matatu ya mkia. "Cut remainder" hukata kila kilichobaki. "Leave remainder" huacha mwangwi umalizike. "Wrap remainder" huchukua mkia na kuubandika mwanzoni mwa faili, jambo linalofaa kwa lupu (kipande kinachojirudia) pekee. Ukiichagua kwa bahati mbaya, wimbo wako utaanza na mzimu wa mwisho wake. REAPER ina kisanduku cha mkia unachojaza kwa milisekunde, na Logic Pro ina "Include Audio Tail". Kwenye Audacity ongeza sekunde kadhaa za kimya baada ya klipu kabla ya kuitia mwangwi, la sivyo mwangwi utakosa pa kukaa.

Swali la pili ni chumba. Noti inapokufa, kilichokuwa chini yake kinajitokeza: feni, jenereta la jirani, mvua juu ya bati. Umeme wetu Tanzania na Kenya unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na amplifaya yenye waya mbovu itanguruma kwenye 50, 100 na 150 Hz. Ubaya zaidi ni kwamba kompresa, inayobana sauti kubwa, ikiona sauti inashuka inaachia mkono, na kelele inapanda kadiri noti inavyoshuka. Mara nyingi mtu huitia lawama maiki, kumbe ni kompresa yake mwenyewe.

Ninachofanya mimi: kabla bendi haijavua visikizi naomba kila mtu akae kimya kabisa, na narekodi chumba kitupu kwa sekunde 20. Kipande hicho kinaisaidia programu ya kuondoa kelele kujua kelele ni ipi. Baadaye kwenye masta naweka kififisho kirefu cha sekunde 3 au 4 juu ya sehemu ya mwisho kabisa ya mkia, noti ikiwa tayari imeshuka sana, ili chumba kiondoke pamoja nayo. Kukata kelele ghafla kunaiumbua. Ikishushwa taratibu, hakuna anayejua ilikuwapo.

*Safarini.* Hapa unapoteza kidogo. Sekunde 4 za mwisho za mkia hazitasikika kwenye spika ya simu jikoni, wala kwenye basi. Mitambo ya redio inayojiendesha mara nyingi huwekewa kiwango fulani cha sauti. Wimbo ukishuka chini yake, kinachofuata kinaanza. Mkia wako utapandiwa na kibwagizo cha kituo. Kama hilo linakukera, tuma redioni toleo lenye mkia mfupi na uweke refu mtandaoni.

*Kwa nani.* Kwaya, taarab, kaswida, nyimbo za gitaa moja na sauti moja, muziki wa filamu. Kila kazi iliyorekodiwa na watu wakipiga pamoja chumbani.

Kufifisha

*Sikioni.* Wimbo hauishi, unaondoka, kama msafara wa harusi unaokata kona na ngoma zake. Wazo hili ni la zamani kuliko mashine. Gustav Holst, mtunzi wa Uingereza, aliimalizia kazi yake ya sayari, iliyopigwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1918, kwa kwaya ya wanawake iliyofichwa chumba cha pembeni, na mlango ukifungwa polepole mpaka sauti isisikike tena. Huku kwetu kufifisha kulikuja na santuri. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 ulibeba dakika chache tu, na rumba ya kuchezwa hailingani na dakika chache. Kwa hiyo nyimbo ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, na fundi akashusha sauti pale upande wa kwanza ulipojaa. Ukageuza santuri, chemko, ile sehemu ya kuchezwa, likaendelea. Kwa wale wazee kufifia hakukumaanisha mwisho, kulimaanisha geuza.

*Mezani.* Makosa matatu nayasikia kila wiki. La kwanza ni mahali pa kufifisha. Ukishusha sauti kabla ya kompresa na limita (inayozuia sauti isivuke kiwango) za masta, mashine hizo zitapigana na wewe: wimbo utagoma kushuka kwa sekunde kadhaa, kisha utaanguka kwa mkupuo. Kififisho kikae baada ya limita, kiwe karibu jambo la mwisho kabisa. Ikiwa unashusha faili kutoka biti 24 kwenda 16, ile kelele laini inayoongezwa kulainisha ubadilishaji ije baada ya kufifisha, si kabla, la sivyo sehemu ya chini kabisa itasikika ikikwaruza.

La pili ni umbo. Sikio linapima sauti kwa disibeli, lakini mstari ulionyooka kwenye programu nyingi unashusha ukubwa wa wimbi. Matokeo yake ni kwamba mwanzoni husikii kitu kikibadilika, na mwishoni wimbo unatumbukia. Tumia mkunjo wa herufi S, au "Studio Fade Out" ya Audacity, ambayo inapunguza pia sauti kali za juu wimbo unapokwenda mbali, kama masikio yanavyozoea.

La tatu ni maudhui. Nimepokea nyimbo ambazo ubeti mpya kabisa unaanza sauti ikiwa imeshashuka nusu. Msikilizaji anainama kwenye spika kutaka kusikia alichonyimwa. Fifisha juu ya kitu anachokijua tayari: kibwagizo cha mara ya pili, au mzunguko wa gitaa. Uwe na mizunguko ya kutosha, sekunde 10 hadi 15 za kushuka, na hakikisha sauti inafika sifuri halisi kabla faili halijaisha.

*Safarini.* Mtangazaji anaipenda kwa sababu anapata pa kuongea. Kwenye basi sekunde 15 za kufifia zinasikika fupi zaidi, kwa hiyo usizianzishe mapema kupita kiasi. Wapo wanaoogopa kwamba sehemu ya chini itavuta chini kipimo cha LUFS ambacho majukwaa hutumia kusawazisha sauti. Kipimo hicho kina mlango wake: vipande vilivyo chini sana ya wastani wa wimbo havihesabiwi. Fifisha kwa amani.

*Kwa nani.* Nyimbo zinazozunguka, rumba, zuku, R&B, Bongo Fleva ya mapenzi, na wimbo wowote ambao hisia yake ni ya kuendelea. Unamfaa pia aliyekwisha kukosa mwisho na hana namna ya kuwarudisha wanamuziki. Kwake ni uokoaji halali, ilimradi aufanye vizuri.

Kumwachia DJ

*Sikioni.* Sauti na melodi vinaondoka, mdundo na besi vinabaki kwa baa 16 au 32, kisha vinakatwa. Nyumbani unachosha. Ukumbini ni uungwana kwa mwenzako aliye kwenye mashine.

*Mezani.* Kazi ni ndogo, hesabu ndiyo muhimu. Kwenye BPM 120 baa moja ya midundo minne ni sekunde 2, hivyo baa 16 ni sekunde 32. Amapiano ya BPM 112 inafika kama sekunde 34. Singeli ya BPM 240 inamaliza baa hizo hizo kwa sekunde 16, na DJ wa singeli atakuomba 32. Usipunguze baa ziwe 14 au 15 kwa kuona ni ndefu. Yeye anahesabu kwa nne na nane, na ukimvunjia hesabu ataanguka mbele ya watu.

*Safarini.* Mtandaoni wengi wataruka mbele. Hilo halikuondolei hesabu, kwa sababu Spotify inahesabu usikilizaji mtu akishafikisha sekunde 30, lakini wimbo unaorukwa mwishoni kila siku haufurahishi. Njia ya kawaida ni kutoa matoleo mawili, fupi na refu. Kumbuka toleo refu ni rekodi nyingine na linahitaji ISRC yake, ile namba ya kuitambulisha rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Usiinakili ya toleo fupi.

*Kwa nani.* Anayelenga kumbi na sherehe, na mwenye uhusiano wa kweli na ma-DJ wa eneo lake.

Njia yoyote utakayochagua

Toa faili la WAV, biti 24, ukiacha sekunde mbili za ziada, kisha ulipunguze kwa mkono. Acha nusu sekunde hadi sekunde mbili za kimya mwishoni, si ishirini. Usimtumie msambazaji MP3: ubanaji wake huongeza vipande vidogo vya kimya mwanzoni na mwishoni, na kama nyimbo mbili za albamu yako zinaungana, mwanya utasikika. Limita isivuke disibeli -1 ya kilele halisi.

Kisha funga programu. Fungua faili lenyewe, vaa visikizi, pandisha sauti kuliko kawaida, usikilize sekunde 20 za mwisho ukiwa umefumba macho. Rudia kwenye simu. Hiyo ndiyo hatua niliyoiruka siku ya kwaya.

Kwa hali yako

Kama unatuma redioni pekee na wimbo una kibwagizo kinachorudi, kati ya kukata na kufifisha uliza: mtangazaji akiongea juu ya sekunde zako 10 za mwisho, utaumia? Ukiumia, kata. Usipoumia, fifisha.

Kama ni wimbo wa kwaya au wa gitaa na bado mko chumbani, rekodini mwisho mara tatu: wa kukata, wa kuacha ulie, na kibwagizo kilichozungushwa mara nne cha kufifisha. Ni dakika kumi za kazi, na zinakuachia nafasi ya kubadili mawazo wiki mbili baadaye.

Kama unashindana kwenye shindano lenye kikomo cha dakika, usifikie kikomo kwa kufifisha haraka haraka. Punguza mzunguko mmoja wa kibwagizo katikati na uache mwisho mzima.

Kama biti uliinunua na ni lupu tupu isiyo na mwisho, mwombe aliyeitengeneza akupe ala zikiwa zimetenganishwa. Zima ngoma, acha kinanda kipige kodi moja ya nyumbani (noti kadhaa kwa pamoja, pale wimbo unapotulia), tia mwangwi wa sekunde 3, na utakuwa na mwisho ambao hakuna mwingine aliyenunua biti hiyo anao.

Na kama msanii anapiga simu sasa hivi, muda umekwisha, na kwenye visikizi bado unasikia "tak" ndogo pale mwisho, mwambie asubiri dakika tano. Weka kififisho cha milisekunde 10, toa faili upya, lisikilize lote, ndipo utume.